Matanga ya Tai

Kila asubuhi, kabla ya chai, Pirihira alifuta vioo vya wafu.

Walikuwa wametundikwa ukuta mzima wa jumba la ukoo: mababu wenye ndevu, vijana waliokwenda vitani na sare zao mpya wasirudi nazo, mabibi waliokunja uso kana kwamba mpiga picha amewadhulumu. Pirihira alianza na wale wa juu, akipanda kwenye kiti, kisha akateremka polepole akiufuata ukuta. Kila mmoja alimsalimia kimoyomoyo, maana hakuwa mtu wa kupaza sauti, hata mbele ya picha. Mama yake alikuwa wa mwisho, karibu na mlango. Hapo alikawia. Alifuta hata palipokuwa safi.

Nje, katapila la binamu yake Teoti lilikuwa likinguruma tangu jua lichomoze. Ukoo ulikuwa umeamua kukirudisha kile kinamasi ambacho wazungu walikikausha enzi za babu yao, ili wapate tena mikunga na majani ya kusukia mikeka, na Teoti ndiye aliyepewa kazi ya kuchimba. Mngurumo ule ulikuwa umeshazoeleka kama mlio wa birika jikoni. Ndiyo maana ulipokatika ghafla, Pirihira alibaki na kitambaa mkononi, kama mtu aliyesikia jina lake.

Kisha Teoti akapiga kelele, na haikuwa ile kelele yake ya utani.

Alimkuta amesimama mbali na katapila, kofia mkononi, uso umempauka.

"Usisogee, Piri," alisema. "Nenda kamwite Mjomba Hoani."

"Kuna nini?"

"Kuna mtu."

Katika tope jeusi, pale jino la katapila lilipokuwa limekwangua, palikuwa na mifupa miwili. Ilikuwa ya rangi ya majani ya chai yaliyochemka sana, myembamba, na mmoja ulikuwa umevunjika kichwa chake. Hakuna aliyehitaji kuambiwa. Ilikuwa miguu ya mtoto.

Mjomba Hoani alikuja na fimbo yake, akasali pale ukingoni hadi maji yakamwingia viatuni. Halafu akapiga simu polisi, na polisi wakapiga simu makumbusho, na jibu likarudi kwamba daraja limefunikwa na mto uliofurika, hakuna atakayevuka kabla ya siku mbili. Wasiguse kitu.

"Wasiguse kitu," Mjomba alirudia, akiitazama simu kama imemtukana. "Mtoto wetu anyeshewe mpaka serikali ivuke mto? Leteni mkeka."

Basi wakaleta mkeka. Teoti ndiye aliyeinua mifupa, kwa kuwa ndiye aliyeifukua, akalia waziwazi huku akiinua. Ikabebwa kwa njia ya nyuma mpaka barabarani, ili iingie kama anavyoingia mtu yeyote anayeheshimiwa: kupitia langoni. Na hapo langoni ndipo palipokuwa na tatizo.

Kwa watu wale, wenyeji wa visiwa vile tangu kabla ya wazungu, hakuna anayekanyaga uwanja wa ukoo, awe hai au maiti, kabla sauti ya mwanamke haijamwita kutoka barazani. Mgeni husimama nje, hata mvua ikimpiga, mpaka aitwe. Na mwita wageni wa pale, kwa miaka mingi, alikuwa mama yake Pirihira. Baada yake alibaki dada yake, Mama Mkubwa Kararaina, ambaye madaktari walimpasua koo, wakatoa kilichokuwa kibaya, na sauti nayo ikaondoka nacho. Sasa alizungumza kwa mnong'ono kama karatasi inayokunjwa.

Mama Mkubwa alimtazama Pirihira. Watu wengine nao wakamtazama.

"Mimi?" Pirihira alisema.

"Kuna mwingine aliyefundishwa?" Mama Mkubwa alinong'ona.

Ni kweli alifundishwa. Mama yake alimfundisha ndani ya gari, jikoni wakimenya viazi, kando ya mto akiwa na nguo zilizolowa. Maneno yote aliyajua. Lakini kuyajua ni jambo moja, na kusimama watu wakikutazama mdomo ni jambo jingine. Pirihira alikuwa mwalimu wa chekechea katika mji mkubwa wa kaskazini, na hata kule alipenda zaidi saa ya watoto kulala. Mama yake alikuwa akimwambia, "Haraka ya nini? Nitakapokufa utaita." Wakacheka.

Kisha Mama akafa katika yale majuma ambayo nchi nzima ilifunga milango kwa sababu ya maradhi. Hakukuwa na matanga kwa mtu yeyote. Pirihira alifungiwa kaskazini. Aliyaona mazishi kwenye simu, picha ikikwama na kuendelea, na kabla ya mazishi aliliona gari la maiti likipita barabarani, mbele ya lango lile lile. Lango lilikuwa na kufuli. Barazani hapakuwa na mtu. Gari halikusimama hata kidogo. Mwanamke aliyeita kila maiti wa bonde lile kwa karibu nusu ya maisha yake, alipita pale bila kuitwa na yeyote.

Milango ilipofunguliwa, Pirihira aliacha kazi akarudi nyumbani. Watu walipomuuliza kwa nini, alisema amechoka na foleni za magari.

Sasa alisimama barazani, Mama Mkubwa amemshika mkono, na kule langoni Teoti na wenzake wameshikilia mkeka pande nne, wamelowa. Wakangoja.

Jinsi ilivyotoka, hakujua. Alikumbuka tu kwamba alifungua mdomo akidhani hapatatoka kitu, na kilichotoka kilikuwa kirefu, chembamba, kikapanda na kukaa juu, kikarudi chini kikiwa kimebeba kitu kizito. Ndege wa kwenye ua waliruka wote kwa pamoja. Mzee mmoja aliyekuwa hasikii vizuri aligeuka. Kule langoni mkeka ukaanza kusogea, na wanawake wakaanza kulia, na Pirihira hakuweza kukumbuka hata neno moja alilolitamka.

"Hivyo," Mama Mkubwa alimnong'oneza, akimbana vidole. "Hivyo hasa."

Siku mbili walimlilia mtoto wa kinamasi. Watu walikuja kutoka mabonde ya jirani, wale waliokuwa upande huu wa mto, na ilionekana wazi kwamba hawakuwa wakimlilia yeye peke yake. Kila mmoja alikuwa na maiti wake wa yale majuma ya kufungiwa, ambaye hakupata wa kumlilia vizuri. Bibi Makareta alimletea mtoto blanketi dogo la sufu, la manjano, alilolifuma kwa ajili ya kitukuu ambaye bado hajazaliwa. Akamfunika, akamwambia, "Huyo wa kwetu atangoja. Wewe umengoja zaidi."

Siku ya tatu maji yalishuka, wakaja polisi mmoja na Daktari Margriet wa makumbusho. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye asili ya Uholanzi, aliyeishi na watu wale miaka mingi kiasi cha kujua wapi avue viatu. Aliwakuta wote wamevaa nyeusi, wamejifunga majani kichwani, macho yamevimba. Akapiga magoti kando ya mkeka. Akalifunua blanketi.

Alipapasa ncha za mifupa kwa kidole, mmoja baada ya mwingine.

"Mzee Hoani," hatimaye alisema, "naomba tuzungumze pembeni kidogo."

"Sema hapa hapa. Hawa wote ni watu wake."

"Ndiyo sababu naona tabu kusema."

"Binti, tumezika watu wengi. Sema. Aliuawa?"

"Hapana. Yaani, sijui." Akalirudisha blanketi taratibu, akalikunjua kona iliyokuwa imejikunja. "Huyu si mtu."

Upepo ulipita katika majani yaliyokuwa vichwani mwa wanawake.

"Si mtu ni nini?" Bibi Makareta aliuliza.

"Ni ndege."

"Ndege gani mwenye mapaja kama ya mtoto?"

"Tai," alisema Daktari. "Yule mkubwa. Wa zamani."

Halafu, nyuma ya watu, kikasikika kitu kama mlango unaokwaruza: Teoti alikuwa amejiziba mdomo kwa kofia.

"Nani anacheka?" Mama Mkubwa alinong'ona, na mnong'ono wake ulifika kila mahali.

"Sicheki, Mama. Nimepaliwa." Teoti alijikohoza. "Najiuliza tu, lile blanketi sasa ni la nani."

Hapo baadhi wakacheka kweli, wengine wakakasirika kwa sababu wenzao wamecheka, na mwanamke mmoja aliyesafiri kutoka bonde la tatu akaanza kulia upya, akisema hajui kwa nini. Polisi aliuliza kama angeweza kupata chai. Mjomba Hoani alikaa kitako kwenye ngazi ya baraza.

"Bibi yangu alikuwa akinitisha kwa ndege huyo ili nilale," alisema. "Lala, la sivyo atakushukia akubebe. Anakula watoto. Babu zetu walimtega kwa wavu wakamuua kwa mikuki, wakapumua. Yupo hata kwenye mwamba kule juu, wamemchora amekunjua mabawa. Leo nimemlilia siku mbili." Akafuta pua. "Nimemwomba msamaha kwa kumtoa kitandani mwake."

Chakula kilikuwa kimeshapikwa, na chakula cha matanga hakirudishwi sufuriani. Waliokuwa wamegusa mifupa walinawa kwa maji kama desturi, ingawa palikuwa na ubishi kama kwa ndege inahitajika. Kulikuwa na mikunga, nguruwe wa kuchemsha na majani ya mtoni, mikate ya kukaanga, na wale ndege wadogo wenye mafuta wanaohifadhiwa kwa chumvi kutoka visiwa vya kusini. Teoti aliinua mmoja kwa mguu.

"Tunalilia ndege, tunakula ndege," alisema. "Wageni wakituuliza sisi ni watu wa namna gani, nani atajibu?"

Daktari aliichukua mifupa kwenda kuichunguza, pamoja na blanketi, kwa kuwa Bibi Makareta alikataa kulirudisha. Alichotoa kimetolewa, alisema. Ilikubaliwa kwamba mifupa ingerudishwa, ingepita langoni tena, kisha ukoo ungekaa na watu wa makumbusho kuamua: ikae makumbusho, au irudi kinamasini.

Ikawa sasa Pirihira haendi popote asichokozwe. Dukani waliuliza kama ameshawaita kasuku. Teoti alimpa jina la Mama Tai, na kuku walipotoroka bandani alisimama uani akapaza sauti, "Piri! Njoo uwaite hawa, wanakusikia wewe tu!" Alicheka pamoja nao. Alikuwa mzuri wa kucheka pamoja na watu. Lakini asubuhi, kwenye kiti, na kitambaa mkononi, alishindwa kuwasalimia wafu wake. Alihisi wanamtazama kama watu waliomwona mtu akimkumbatia mgeni stesheni kwa kumfananisha na nduguye.

Maana jambo lenyewe lilikuwa limemchanganya. Wito si wimbo. Mama alimwambia hivyo mara nyingi. Unapoita, yupo unayemwita, naye anakuja. Basi siku ile alikuja nani? Kama iliyokuwa mkekani ni mifupa ya ndege, je, ndege alisikia? Au sauti ilikwenda mahali pengine? Na kama ilikwenda mahali pengine, ilifika? Alijaribu kuyakumbuka maneno yake mwenyewe akashindwa. Lakini alikumbuka alichokuwa akikiona wakati anaita, na hakikuwa mkeka wala mtoto. Lilikuwa gari jeusi linalopita bila kusimama. Hilo hakumwambia mtu.

Mama Mkubwa alimkuta jikoni akimenya viazi.

"Daktari anakuja Jumamosi," alinong'ona akivuta kiti. "Utaita."

"Mama Mkubwa, siwezi."

"Umeshaita."

"Niliita vibaya."

"Vibaya vipi? Mimi nilikuwa kando yako. Sauti ilikuwa sawa, maneno yalikuwa sawa, pumzi ulikata panapokatwa."

Pirihira alikizungusha kiazi mkononi. "Aliyeitwa hakuwa yeye."

"Ah, ndege." Mama Mkubwa alitikisa mkono kama anayefukuza nzi. "Ndege naye ana mababu. Katika simulizi zetu msitu una baba, na ndege ni watoto wake kama sisi. Kumwita si kosa. Huyo aliyekukosea adabu ni Teoti, na nimeshamwambia."

"Si hivyo, Mama Mkubwa."

"Ni vipi?"

Pirihira alifungua mdomo. Kisha akaokota kiazi kingine. "Sijui," alisema.

Mama Mkubwa akachukua kisu kingine akaanza kumenya naye.

"Nikueleze kitu," alinong'ona. "Usipoita wewe, tutaazima mwita wageni kwa watu wa ng'ambo ya mto. Atakuja na miwani yake ya dhahabu, atasimama pale alipokuwa akisimama mama yako, na ataita kwa sauti ile yake kama mbuzi. Na mimi nitakuwa ndani nimejifunika shuka. Baada ya hapo hiyo itakuwa kazi yake, kwa sababu kazi hii haikai wazi. Sikulazimishi. Nakueleza tu itakavyokuwa."

Siku ya pili Pirihira alifanya jambo ambalo kwake lilikuwa kubwa: alimpigia simu mtu asiyemzoea. Daktari Margriet alipopokea, Pirihira alikaribia kukata.

"Nilitaka kuuliza," alisema, "alikuwa ndege wa namna gani."

Sauti ya Daktari ikalainika. Akaeleza bila haraka. Alikuwa tai mkubwa kuliko wote waliopata kuwapo, majike wakubwa kuliko madume. Jike aliyekomaa alikuwa na uzito wa mtoto wa miaka mitatu au minne, na kucha zake zilikuwa kama za chui mkubwa. Mabawa yake yalikuwa mapana lakini si marefu kulingana na mwili, kwa kuwa aliwinda penye miti na vichaka. Jambo la ajabu, alisema Daktari, ni kwamba ndugu zake wa karibu ni tai wadogo wa Australia, wasiozidi kuku kwa uzito. Babu zake walivuka bahari wakiwa wadogo, wakakuta nchi isiyo na chui wala simba, yenye moa tu, wale ndege warefu wasio na mabawa. Wakamla moa, wakakua mpaka wakamtosha.

"Alimshukia ubavuni," Daktari alisema. "Tunayo mifupa ya nyonga za moa yenye matundu ya kucha."

"Na huyu wetu?"

"Huyu wenu alikufa kwenye tope. Moa alikuwa akinasa kinamasini, tai akamfuata, naye akanasa. Wakubwa pia yaliwakuta, lakini huyu hakuwa na uzoefu. Ncha za mifupa yake zina vitundu vidogo vidogo, kama biskuti. Mfupa wa ndege huwa hivyo anapokuwa bado anakua. Ndiyo maana siwezi kuwacheka kwa kumdhania mtoto."

Pirihira alikaa chini, sakafuni, mgongo ukutani. "Kwa hiyo alikuwa mtoto."

"Alikuwa mtoto, ndiyo. Nadhani alikuwa ametoka kiotani si zamani. Labda mama yake alikuwa bado anamlisha."

"Na wote wakaenda wapi?"

"Unajua habari yenyewe."

"Niambie tu."

"Watu walifika. Babu zenu. Walimkuta moa, ambaye hakumjua binadamu hata akimbie. Wakamla, wakala mayai yake, wakachoma misitu. Kwa vizazi vichache moa akaisha. Tai hakuwa na chakula kingine cha kumtosha mwili ule. Wengine huenda waliuawa, kwa hofu au kwa ajili ya manyoya na mifupa. Lakini wengi, nadhani, walikaa tu angani wakitafuta."

"Wa mwisho alionekana lini?"

"Hakuna ajuaye. Hakuna anayejua kwamba huyu ni wa mwisho wakati anamwona. Labda mtu alikuwa akichimba viazi vyake akasikia sauti juu, akainua kichwa, akamwona anapita. Akafikiri wako wengine. Akaendelea kuchimba."

Pirihira alishukuru, akakata simu, akabaki sakafuni. Alijaribu kumkasirikia mtu wa viazi, akashindwa. Alijaribu kumhurumia tai, na huruma ikamjia nyingi kuliko alivyoitarajia, lakini kila alipomwaza tai huyo akipita juu, aligeuka gari jeusi barabarani. Ilikuwaje vitu viwili hivi vikae mahali pamoja? Hakujua tena anamlilia nani, na kama ni haki kumlilia mmoja kwa machozi ya mwingine.

Jumamosi ilikuja na manyunyu. Tangu asubuhi palikuwa na mabishano. Mjomba Hoani alisema hawezi kusimama na kuuhutubia mfupa wa ndege aliyekuwa akila watu. Bibi Makareta akamjibu kwamba hata yeye Hoani anakula watu kwa maneno, na bado akija huwa anaitwa. Wengine walitaka sanduku liingie kimyakimya kwa mlango wa jikoni, wasije wakachekwa mara ya pili. Teoti, ambaye kila mtu alimtazamia atoe mzaha, alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi.

"Mimi nilimwinua," alisema. "Alikuwa mwepesi kabisa. Mbebeni kwa mlango wa jikoni kama mnataka, lakini mimi sitambeba huko."

Gari la makumbusho likasimama barabarani. Daktari Margriet alishuka na sanduku mikononi, limefunikwa kwa blanketi la manjano, na nyuma yake mama mmoja wa ukoo mwingine aliyefuatana naye ili aitikie wito kwa niaba ya wageni. Wakasimama nje ya lango, manyunyu yakiwaangukia.

Barazani Mama Mkubwa alikuwa amekaa. Hakumshika Pirihira mkono safari hii. Aliweka mikono yake mwenyewe mapajani na kutazama mbele, kama mtu ambaye amekwisha sema alilokuwa nalo.

Pirihira alisimama. Kule langoni watu walingoja. Teoti alikuwa ameinamisha kichwa. Katikati ya uwanja kuku mmoja, mmojawapo wa wale watoro, alikuwa akidonoa majani, na Teoti alimwona, na hakusema kitu.

Pirihira akavuta pumzi, mahali pale chini alipofundishwa.

"Njoo," aliita, "wewe uliyefuata njaa yako ukaingia topeni. Njoo, mtoto wa msitu. Ni sisi tuliokula chakula chako. Ingia, mgeni tuliyekukuta mwenyeji, ingia."

Sauti ilipanda. Mjomba Hoani, aliyekuwa ameapa kukaa ndani, alitokea mlangoni akavua kofia. Kutoka langoni yule mama mwingine aliitikia, wito wake ukikutana na wa Pirihira katikati ya uwanja, na wageni wakaanza kutembea polepole, Daktari mbele na sanduku lake.

Ikafika zamu ya wafu. Kila mgeni huja na wafu wake, na mwita wageni huwaita pia, pamoja na wale wa nyumba yake, wakutane na kuliliana. Maneno ya hapo Pirihira aliyajua tangu utotoni. Ni maneno ya watu wote, hayataji mtu. Alifungua mdomo ayaseme, kisha akayaacha. Wageni wakasimama. Mvua iliendelea kidogo kidogo. Mama Mkubwa akageuza kichwa, akamtazama.

Pirihira hakumwangalia. Alitazama juu ya vichwa vya wageni, juu ya lango lililo wazi, hadi barabarani, ambako hapakuwa na gari lolote zaidi ya la makumbusho.

"Na wewe, Mama," aliita, na kila aliyekuwa pale alisikia neno kwa neno, "uliyepita hapo nje siku ile, na lango lina kufuli, na barazani hakuna mtu. Siku ya ule mkeka sikumwita mtoto. Sikumwita ndege. Nilikuita wewe, Mama. Ni wewe niliyekuwa nakuita. Geuka. Rudi. Ingia nyumbani."